Vipuri vichache vya kutengenezwa kwa oda: mashine ya mkono, CNC, kalibu, leza au 3D?

Anayehitaji kipuri kimoja hana mengi ya kuchagua. Anamwendea fundi mwenye mashine ya kukereza, anamweleza anachotaka, anasubiri. Anayehitaji elfu hamsini naye hana mengi, maana wingi wenyewe unamlazimisha agharamie kalibu za kudumu na mashine maalumu. Taabu ya kuchagua inamkuta yule anayetaka vipande 5, 20 au 80 vya umbo alilolibuni mwenyewe, umbo ambalo haliuzwi dukani. Kwake njia zote ziko wazi, na kila mwenye njia atamwambia kuwa yake ndiyo inayofaa.

Wengi huanza kwa kutaja mashine: "nataka CNC" (mashine inayoongozwa na programu ya kompyuta), au "nataka fundi wa mkono, ni rahisi." Ushauri wangu ni kuanza kwingine. Hesabu kwanza kipande kitashikwa na kugeuzwa mara ngapi ndani ya mashine. Kisha chukua kalamu nyekundu, utie alama vipimo ambavyo vikikosewa kipande hakifanyi kazi. Katika oda ndogo mambo hayo mawili hubeba sehemu kubwa ya gharama, na ukiyajua, mashine karibu inajichagua yenyewe.

Ulinganisho usiokuwa na kitu cha kushika hausaidii, kwa hiyo tuchukue kipande kimoja tukipitishe njia zote. Ni nyumba ya beringi: bonge la alumini ya 6061 (namba ya aloi), urefu 80 mm, upana 50, unene 30. Katikati lina tundu la kukaa beringi ya 608, ambayo kipenyo chake cha nje ni 22 mm. Karibu na pembe kuna matundu manne ya hesi (mfereji wa kuingizia bolti) ya M6, yaani ya bolti ya mm 6. Kabla ya kukatwa, bonge lina uzito wa gramu 324 hivi.

Tundu la beringi linatakiwa liwe H7, alama ya kiwango cha usahihi wa matundu. Maana yake lisipungue 22.000 mm wala lisizidi 22.021. Vipimo vingine vyote vinaweza kufuata toleransi (kiasi kinachoruhusiwa kukosewa) ya jumla ya kiwango cha kimataifa ISO 2768-1, daraja m, ambayo inaruhusu ±0.3 mm kwenye ule urefu wa 80 na upana wa 50, na ±0.2 kwenye unene wa 30. Tazama pengo lililopo: upande mmoja wa kipande hichohicho fundi ana nafasi ya 0.6 mm kukosea, upande mwingine ana 0.021 tu. Ni karibu mara 29. Anayeandika mchoro wenye toleransi kali kila mahali analipia usahihi wa tundu la beringi hata kwenye ukingo ambao haugusani na kitu chochote.

Mashine ya mkono na CNC

Hapa ndipo wengi husimama, kwa hiyo nami nitakaa hapa zaidi.

Kwenye mashine ya mkono, fundi anashika bonge kwenye jiliwa, anatafuta ukingo, anaanza kukata. Maandalizi ni machache. Lakini kila kipande kinamtaka yeye mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho: anazungusha gurudumu, anasoma kipimo, anasimamisha, anapima, anaendelea. Kwenye CNC mambo yanageuka. Mtu anaandika programu, anapanga vikatio, anatengeneza kishikizo, anajaribu kipande cha kwanza polepole, anarekebisha. Baada ya hapo mashine inarudia bila kuchoka. Tangu mashine ya kwanza ya milingi iliyoongozwa kwa namba ilipoonyeshwa katika chuo cha MIT mwaka 1952, mapatano yamekuwa hayohayo: unalipa fikra mwanzoni, unavuna kwenye marudio.

Tuweke namba za mfano. Tuseme nyumba yetu ya beringi kwa mkono inahitaji dakika 30 za maandalizi na dakika 45 kwa kila kipande. Kwa CNC inahitaji dakika 180 za maandalizi na 12 kwa kila kipande. Muda wa jumla unakuwa hivi:

| Idadi | Mkono | CNC |
|---|---|---|
| 1 | dakika 75 | dakika 192 |
| 5 | dakika 255 | dakika 240 |
| 10 | dakika 480 | dakika 300 |
| 20 | dakika 930 | dakika 420 |
| 50 | dakika 2280 | dakika 780 |

Kwa muda peke yake, CNC inaanza kushinda kwenye kipande cha tano. Lakini saa ya CNC kwa kawaida ni ghali kuliko saa ya mashine ya mkono, na hapo picha inabadilika. Ikiwa saa yake inauzwa mara moja na nusu, ushindi unaanzia kwenye vipande 9. Ikiwa ni mara mbili, unaanzia kwenye 16. Ndiyo maana watu wawili wenye uzoefu wanaweza kubishana kwa dhati kuhusu oda ya vipande kumi na wote wakawa sahihi, kila mmoja kwa bei za karakana anayoijua.

Oda ya pili ni hadithi nyingine. Programu ipo, kishikizo kipo, orodha ya vikatio ipo. Tuseme maandalizi yameshuka kutoka dakika 180 hadi 60. Sasa hata kipande kimoja kinachukua dakika 72 kwa CNC dhidi ya 75 kwa mkono. Mtu anayejua kwamba ataagiza tena baada ya miezi michache anapaswa kuipima bei ya leo kwa jumla ya oda zote mbili, asiangalie ya leo peke yake.

Kuna kazi ambazo hesabu hii haizihusu kabisa. Uso uliopinda kwa namna isiyo ya duara wala ya mstari mnyoofu, mfano bawa la feni, ni kazi ya CNC hata kama unataka kimoja. Kinyume chake, bushi, spesa, pini na shafti fupi za kawaida zinatoka haraka sana mikononi mwa mkereza hodari, na sioni sababu ya kumlipa mtu aandike programu kwa ajili ya bushi tatu. Pia kuna kazi za kukarabati: shafti iliyolika, nyumba iliyopasuka, kitu ambacho hakina mchoro na lazima kipimwe kikiwa mkononi. Hapo fundi wa mkono anafanya jambo ambalo programu haiwezi, kwa sababu anakata kulingana na kile kilichopo mbele yake.

Idadi ya mishiko

Ndani ya CNC yenyewe kuna uchaguzi mwingine, kati ya mashine ya mihimili 3 (inayokwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini) na ya mihimili 5 (inayoweza pia kuinamisha na kuzungusha). Ya 5 inasifiwa sana, na sifa zake ni za kweli, ila zina mahali pake.

Nyumba yetu ya beringi ina kazi upande wa juu na upande wa chini tu. Mashine ya mihimili 3 inaimaliza kwa mishiko miwili: juu, kisha inageuzwa. Mihimili 5 haiongezi kitu hapa. Lakini tukiongeza tundu la grisi ubavuni na matundu mawili ya hesi mwishoni, mishiko ya mihimili 3 inafika minne. Kila mshiko una gharama mbili. Moja ni muda wa kufungua, kusafisha na kutafuta ukingo upya. Nyingine haionekani kwenye ankara: kila mara kipande kinapofunguliwa na kufungwa tena, kinakaa tofauti kidogo, na tofauti hiyo inaingia kati ya vipimo vya upande huu na vya upande ule.

Kwa hiyo kama tundu la beringi lazima liwe wima kabisa juu ya uso wa kukalia, omba vikatwe kwa mshiko mmoja, mashine yoyote iwayo. Liandike kwenye mchoro kwa kuutaja uso wa kukalia kuwa uso wa rejea. Hilo peke yake lina thamani kuliko kuhama kutoka mihimili 3 kwenda 5.

Mara nyingi mbunifu mwenyewe ndiye anayeweza kuokoa mshiko mzima. Tundu la grisi lililowekwa ubavuni kwa mazoea linaweza kuhamia juu. Pembe za ndani za shimo nazo zinahitaji macho. Kikatio kinachozunguka hakiwezi kuacha pembe kali, na kikatio cha mm 6 kinaacha nusu kipenyo cha mm 3. Ukiruhusu 3.5 au 4, kikatio kinapita kona kikizunguka bila kusimama, kazi inatoka safi na haraka. Shimo nalo likizidi kina cha mara nne ya kipenyo cha kikatio, kikatio kinaanza kupinda na kutetemeka, na mwendo lazima upunguzwe. Marekebisho kama haya hayagharimu kitu yakifanyika kwenye mchoro.

Kusubu kwanza, kukereza baadaye

Kwa nyumba yetu ya beringi, kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyushwa kwenye kalibu, hakufai, na ni vizuri kuona kwa nini. Kalibu ya mchanga inahitaji kielelezo cha mbao au plastiki. Alumini inapopoa husinyaa kwa karibu asilimia 1.3, kwa hiyo kielelezo cha urefu wa 80 lazima kiwe 81 hivi, na kuta zake ziwe na mteremko wa digrii moja au zaidi ili kitoke mchangani bila kubomoa. Uso unaotoka ni wa kukwaruza, unahitaji kuachiwa milimita mbili au tatu za kukatwa. Na baada ya yote hayo tundu la H7 bado linakerezwa, matundu ya hesi bado yanatobolewa. Umelipa maandalizi mara mbili ili uokoe gramu chache za alumini.

Lakini geuza umbo. Chukua nyumba ya pampu yenye tumbo la konokono, au fremu ya mashine yenye mbavu na kuta nyembamba, ambayo ukiichonga kutoka bonge zima sehemu kubwa ya chuma itaishia sakafuni. Hapo kusubu kunashinda hata kwa vipande kumi. Chuma cha kusubu pia kina sifa ambayo bamba la chuma la kuchomelea halina kwa kiwango hicho, nayo ni kumeza mtetemo. Ndiyo maana vitako vya mashine za kukereza vimetengenezwa kwayo vizazi na vizazi.

Unapochagua njia hii, jihadhari na vitundu vya hewa vilivyojificha ndani. Vinaonekana mara nyingi wakati wa kukereza, yaani baada ya kulipia hatua zote za awali. Kwa kipande kinachoshika mafuta au maji kwa shinikizo, agiza vya ziada, na mkubaliane mapema nani anabeba gharama ya kile kitakachovuja: msubu au mkereza. Wakiwa karakana mbili tofauti, kila mmoja atamtazama mwenzake.

Bamba la leza

Njia hii hupuuzwa na watu wanaopenda vitu vizito, nami naiona kuwa ya kwanza kuulizwa kila mara. Je, kipande changu kinaweza kuwa bapa?

Leza inakata umbo la nje na matundu ya bamba kwa dakika chache, bila kikatio maalumu na karibu bila maandalizi. Vipande 5 au 50, bei ya kimoja haitofautiani sana. Udhaifu wake ni unene. Kadiri bamba linavyokuwa nene ndivyo ukingo unavyoteremka kidogo, matundu madogo yanaharibika, na ukingo wa chuma unakuwa mgumu kwa joto kiasi cha kuitesa tapu unapokata hesi. Kukata kwa maji yenye shinikizo hakuachi joto, na kunapita kwenye bamba nene, ila ni polepole zaidi.

Nyumba yetu ya beringi ingeweza kubuniwa upya: mabamba mawili ya mm 15 yaliyokatwa kwa leza, yamefungwa pamoja kwa bolti na pini mbili za kuelekeza, kisha tundu la 22 peke yake likamaliziwa kwenye mashine kutoka 20 ya leza. Matundu ya M6 yanatobolewa kwa biti ya mm 5 na kukatwa hesi. Kwa vipande 20 mchanganyiko huu unaweza kushinda bonge zima, kwa sababu kazi ya mashine imebaki pale tu kalamu nyekundu ilipopita.

Kuchapa chuma kwa 3D

Kuna maumbo ambayo hayana njia nyingine. Mfereji wa maji unaopinda ndani ya chuma kizima, mahali ambapo kikatio hakifiki na keekee haipindi, unawezekana kwa unga wa chuma unaoyeyushwa kwa leza tabaka kwa tabaka, kila tabaka sehemu ndogo tu ya milimita. Aloi zinazotumika ni za kweli: AlSi10Mg, chuma kisichoshika kutu cha 316L, titani ya Ti-6Al-4V.

Nje ya hapo, kwa vipuri vya kawaida, siishauri. Uso unatoka wa kukwaruza. Nguzo za kushikilia lazima zikatwe. Kipande mara nyingi hupashwa moto kwanza kuondoa mkazo ili kisipinde kinapotenganishwa na bamba lake. Na tundu la beringi? Linarudi kwenye CNC, na safari hii kipande hakina ukingo mnyoofu wa kushikia. Mtu akikuambia kuwa 3D imeondoa ukerezaji, muulize hesi na viti vya beringi vinamaliziwa wapi.

Chapa ya plastiki ni jambo tofauti, na naipenda sana. Kabla ya kuagiza vipande 20 vya alumini, chapa kimoja cha plastiki, kifunge mahali pake, jaribu kuingiza spana, angalia kama waya unapita. Makosa yanayopatikana hapo ni yale ambayo hakuna maikromita ingeyaona: bolti isiyofikika, kifuniko kinachogonga ukuta, kipande kilichochorwa upande wa kushoto badala ya kulia.

Chuma gani

Hili nitalipita upesi. Alumini ya 6061 inakatika haraka na inatosha kwa mengi. 7075 ni imara zaidi, inafaa palipo na mzigo mkubwa, ila haipendi kuchomelewa na haistahimili kutu sawasawa na 6061. Kati ya vyuma visivyoshika kutu, 303 inakatika vizuri kuliko 304, na 316 ndiyo ya kwenye chumvi. Shaba njano inakatika vizuri kuliko karibu zote. Kwa plastiki, usichanganye nailoni na asetali. Nailoni inanyonya unyevu na kuvimba, asetali inanyonya kidogo sana, kwa hiyo penye kipimo cha kubana chagua asetali.

Muhimu kwa oda ndogo ni kuuliza karakana ina nini tayari ghalani. Kubadilisha unene wa mchoro kutoka 31 hadi 30 ili uendane na bamba lililopo kunaweza kupunguza bei kuliko majadiliano ya saa nzima.

Karakana ya karibu au kampuni ya mbali

Siku hizi unaweza kutuma faili kwa kampuni iliyo mbali na kupata bei siku hiyohiyo. Ni njia nzuri kwa aliye na mchoro kamili. Neno zito ni hilo la kamili. Faili ya STEP inabeba umbo halisi, STL inabeba pembetatu tu na haifai kwa ukerezaji. Lakini hata STEP peke yake kwa kawaida haisemi tundu lipi ni H7, hesi ni ya kina gani, wala uso upi uwe laini kwa Ra 1.6 (kipimo cha ukwaruzo wa uso). Hayo yako kwenye mchoro wa vipimo, na wa mbali atatengeneza kile kilichoandikwa, si kile ulichokuwa ukikiwaza. Akikuta tundu la 22 lisilo na alama atalifuata kwa toleransi ya jumla, yaani ±0.2, na beringi itacheza ndani yake au itakataa kuingia. Na atakuwa hajakosea.

Wa karibu unamletea beringi yenyewe. Unaiweka mezani, unasema iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, isicheze. Anaelewa. Vilevile ukikuta kipande cha kwanza kina kasoro, kinarekebishwa kabla 19 vilivyobaki havijakatwa. Kwa mara ya kwanza ya umbo jipya, mimi ningeenda kwa wa karibu hata kama bei yake iko juu kidogo. Mchoro ukishathibitishwa kwa kipande kinachofanya kazi, oda ya pili inaweza kwenda popote.

Kila unakokwenda, omba bei ya idadi mbili, tuseme 5 na 20. Namba hizo mbili zinakufunulia mengi. Toa ya 5 kwenye ya 20, gawanya kwa 15, umepata gharama ya kuongeza kipande kimoja. Zidisha hiyo kwa 5, toa kwenye bei ya vipande 5, kilichobaki ni maandalizi. Jaribu kwa dakika zetu za CNC: 420 kutoa 240 ni 180, gawanya kwa 15 ni 12. Kisha 240 kutoa 60 ni 180, yaleyale maandalizi tuliyoanza nayo. Kwa bei halisi jibu halitatoka safi hivyo, maana kuna chuma na punguzo ndani yake, lakini utaona nani ana maandalizi makubwa na nani anategemea marudio. Utaona pia kama kuongeza vipande viwili vya akiba ni gharama ndogo, na kwa kawaida ni ndogo kweli. Kuviagiza peke yake mwezi ujao ni kulipia maandalizi upya.

Rangi, joto na kupima

Kipande kinaweza kutoka mashine kikiwa sahihi na kikaharibika kwenye mipako. Anodaizi ngumu, yaani tabaka la oksidi linaloteshwa juu ya alumini kwa umeme, ya unene wa maikroni 50 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huingia nusu ndani ya alumini na nusu huota nje, kwa hiyo kila uso unapanda maikroni 25 hivi. Tundu lina uso pande zote mbili za kipenyo, basi 22 yetu inapungua karibu 0.05 mm. Nafasi yote ya H7 ilikuwa 0.021. Ama tundu lizibwe wakati wa mipako, ama likerezwe kubwa kwa makusudi, na lazima iandikwe ni lipi kati ya hayo. Waulize pia karakana inayotoa kipande na inayotia mipako kama wamezungumza.

Joto nalo linahesabika. Vipimo vyote vya viwanda vinahesabiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Alumini inatanuka kwa takriban maikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Tundu la mm 22 lililopimwa likiwa na joto la ziada la nyuzi 10 linaonekana kubwa kwa 0.005 mm, robo ya nafasi uliyonayo. Kipande kilichotoka mashine sasa hivi kiache kipoe kabla ya kubishana na fundi.

Kwa tundu moja la H7 huhitaji mashine kubwa ya kupima. Geji ya kuziba yenye ncha mbili inatosha: ncha moja lazima iingie, nyingine isiingie. Kwa vipande 20 inamaliza kazi kwa dakika chache, na kila mtu anayeishika anapata jibu lilelile. Ikiwa unapeleka kazi kwa fundi wa mkono na wa CNC kwa zamu, mpe kila mmoja geji hiyohiyo.

Nani anabaki na nini

Kabla ya kulipa, uliza swali ambalo wengi hulikumbuka wakati wa oda ya pili: programu ni ya nani, kishikizo ni cha nani, vitatunzwa muda gani? Karakana nyingi huhesabu programu kuwa mali yao, na hilo si dhuluma, ni jasho lao. Kishikizo ulichokilipia kwenye ankara ni jambo jingine, na kielelezo cha kusubia vilevile. Mwenye kutumia fundi wa mkono naye ana lake la kuuliza, kwa sababu maarifa ya kazi yake yako kichwani. Mwombe aandike kwenye mchoro mpangilio alioufuata: alianza kushika wapi, alimalizia tundu kwa kikatio gani, aliacha kiasi gani cha kukwangua mwisho. Fundi mwingine akiupokea mchoro huo, anaanza pale mwenzake alipofikia, na kipande kimoja kati ya vile 20, kilichopimwa na kuandikwa vipimo vyake, kikae nao kwenye mfuko mmoja.